Gari Likivutwa na Mtu Akaumia, Nani Atalipa?

 Leo nataka kusema nanyi habari ya jambo linalowahusu sana watu wa milimani, hasa ninyi mlioko Vudee na mahali pengine pa Upare ya kusini. Nalo ni hili: gari bovu linapovutwa au kunasuliwa, mtu akaumizwa, ni nani apasaye kulipa?

Mwazijua barabara za kwenu kuliko nizijuavyo mimi. Barabara kuu iendayo Moshi na Arusha hupita chini katika tambarare, kwa Hedaru na Makanya hata mjini Same. Lakini njia ya kupandia Vudee hujipinda ubavuni mwa mlima. Mkono huu mna ukingo, na mkono ule mna bonde. Mvua ya masika inyeshapo udongo huwa utelezi, na lori lenye mzigo huteleza likaingia mtaroni. Hapo huitwa brekidauni, yaani gari la kuvutia magari mabovu; na ikiwa hakuna, hutafutwa lori jingine na mnyororo. Lakini kabla hayo hayajafika, watu wa kijiji wamekwisha kukusanyika. Ninyi Wapare mna desturi njema ya msaragambo, ambayo kwayo watu huitwa kufanya kazi ya wote kwa mikono ya wote. Basi kwa moyo ule ule vijana husukuma, wengine hutia mawe chini ya magurudumu, akina mama husimama kando, na watoto hutazama.

Mara waya hukatika, au gari hurudi nyuma ghafula. Mmoja amevunjika mguu, na mwingine amebanwa kati ya gari na ukingo. Watu hupiga kelele, kisha hunyamaza, na jioni husema, "Ajali haina kinga."

Methali hiyo ni nzuri kwa kumfariji mfiwa, lakini haifai kuwa hukumu. Sheria haiulizi kama watu wameliita jambo ajali. Huuliza maswali mengine: Je, kulikuwa na mtu aliyepaswa kuangalia? Je, aliangalia kama mtu mwenye akili angaliavyo? Na je, madhara yale yalitokana na kutoangalia kwake? Ikiwa jibu limempata mtu fulani, basi mtu huyo hana budi kulipa.

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini kazi hii ya kuvuta magari ina hatari kupita nyingine. Waya wa chuma ukivutwa kwa nguvu hujinyosha kidogo, ukaweka ndani yake nguvu nyingi sana, kama upinde uliokazwa. Ukikatika, nguvu ile yote hutoka mara moja, na ncha ya waya huruka kama mjeledi. Anayesimama karibu hana nafasi ya kukimbia.

Tena kuna habari ya breki. Katika malori makubwa breki hufanya kazi kwa hewa iliyoshindiliwa. Hewa ikiisha, springi kali hufunga magurudumu yasizunguke. Hilo ni jambo la usalama. Lakini lori lililokufa haliwezi kuvutwa magurudumu yakiwa yamefungwa. Kwa hiyo fundi hulegeza springi zile kwa spana. Tangu saa hiyo magurudumu hayo hayana breki yo yote. Likikatika lililolishika, litashuka mlima kwa uzito wake lenyewe. Na katika motokaa ndogo, injini isipozunguka, breki huwa ngumu kukanyagwa, na katika magari mengi usukani nao huwa mzito. Fundi wa kazi hii ayajua mambo haya yote. Mwanakijiji aliyeitwa kusukuma hayajui. Ndiyo sababu sheria humtazamia yule fundi uangalifu mkubwa zaidi.

Sasa natuitazame sheria yenyewe. Katika Tanzania sehemu kubwa ya sheria ya fidia za namna hii ilitoka Uingereza, kwa maana sheria za nchi zasema kwamba mahakama zifuate kanuni za Kiingereza zilizokuwako tarehe 22 Julai 1920, kadiri zinavyofaa hali ya nchi. Hukumu za Kiingereza za baada ya tarehe hiyo hazizifungi mahakama zetu, lakini husomwa na kuheshimiwa.

Moja ya hukumu hizo ilianza na tangawizi, zao linalojulikana sana katika milima yenu. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi. Akasema kwamba alipokwisha kunywa kiasi, mlitoka chupani konokono aliyeoza, naye akaugua. Mwanamke yule hakuwa na mapatano yo yote na mwenye kiwanda, wala hakumlipa yeye fedha. Lakini mwaka 1932 wakuu wa mahakama ya juu kule Uingereza waliamua kwamba mwenye kiwanda yampasa kuwaangalia wale watakaokunywa. Mmoja wao, Lord Atkin, alieleza kwamba mtu apaswa kujihadhari asimdhuru jirani yake. Na jirani katika sheria ni kila mtu ambaye ingekupasa kumfikiri kabla ya kutenda, kwa kuwa tendo lako laweza kumfikia.

Basi mwenye brekidauni akifunga waya wake penye watu wengi, majirani zake ni akina nani? Ni wale wanaosukuma, na wale wanaotazama, na mwenye pikipiki ajaye kwa kasi katika kona pasipo kujua kuna gari limeziba njia. Hao wote yampasa kuwafikiri.

Na tutamjuaje mwenye kulipa? Natuwatazame watu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni dereva wa gari linalovuta. Akivuta kwa ghafula, au akitumia mnyororo uliochakaa, au akikosa kuwaondoa watu, lawama ni yake. Wa pili ni yule akaaye usukanini mwa gari linalovutwa. Wengine hudhani yeye ni kama mzigo tu, sivyo. Anaposhika usukani ana wajibu wake kama dereva. Wa tatu ni bwana aliyewaajiri. Sheria husema kwamba mtumishi akikosea katika kazi aliyotumwa na bwana wake, bwana hulipa pamoja naye, hata kama alikuwa Dar es Salaam amelala. Sababu yake ni nyepesi: mwenye kupata faida ya kazi abebe na hasara yake.

Lakini hapa pana jambo la kuangalia. Mwenye lori lililoharibika akimwita fundi wa brekidauni ajitegemeaye, fundi huyo si mtumishi wake. Kwa kawaida makosa ya fundi ni ya fundi na mwajiri wake, si ya mwenye lori. Walakini mwenye lori hawezi kujificha nyuma ya fundi ikiwa yeye mwenyewe alikosea: kwa mfano, aliliacha lori usiku katika kona bila alama, au aliajua breki zimekufa akanyamaza. Hapo wote wawili wamekosa. Na watu wawili wakimdhuru mmoja, mdhuriwa aweza kumdai ye yote kati yao fidia yote, kisha wao wenyewe watagawana hasara mbele ya mahakama. Mdhuriwa halipwi mara mbili, lakini pia hapaswi kungoja mpaka wao wamalize ugomvi wao.

Mtu aweza kuniuliza, "Bwana, mimi nilikuja kusukuma kwa hiari yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Je, naweza kudai?" Swali hilo ni zuri. Ni kweli kwamba aliyeijua hatari yote akaikubali kwa hiari aweza kukosa fidia. Lakini kukubali kusukuma si kukubali kwamba waya uwe mbovu. Na anayekimbilia kumwokoa mwenzake sheria humtazama kwa heshima. Katika miaka ya 1930 huko London gari la farasi liliachwa njiani pasipo mtu wa kulichunga. Farasi wakashtuka wakatimka kuelekea penye wanawake na watoto. Polisi mmoja akatoka mbio akawakamata, naye akaumizwa vibaya. Wenye gari wakasema, "Alijitia mwenyewe." Mahakama haikukubali, bali iliamua alipwe. Maana mwenye kuleta hatari apaswa kujua kwamba watu wema watakuja kuokoa.

Yuko na utingo aliyeumia kazini. Huyu ana njia nyingine. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, nao waajiri huuchangia. Mfanyakazi aliyeumia katika kazi yake hapaswi kuthibitisha kosa la bwana wake. Yatosha kuonyesha kwamba aliumia kazini. Kwa hiyo utingo na aulize mapema kama bwana wake amejiandikisha, wala asikawie kuleta habari ya kuumia.

Na je, ikiwa mwenye kuumia naye alikosea? Zamani katika sheria ya Kiingereza kosa dogo la mdai liliweza kumnyima kila kitu. Siku hizi sivyo. Katika Tanzania sheria iliyo Sura ya 310 yasema kwamba fidia ipunguzwe kwa kadiri ya kosa la mdai. Tuseme kijana ameambiwa mara mbili aondoke penye waya, akakaidi, na waya nao ulikuwa umechakaa. Mahakama yaweza kuona kwamba sehemu moja katika nne ya kosa ni yake. Ikiwa madhara yake yamehesabiwa kuwa shilingi 8,000,000, atapata shilingi 6,000,000. Mtoto mdogo hapimwi kwa kipimo cha mtu mzima, bali kwa akili ya umri wake. Sheria hiyo hiyo yasema pia kwamba mtu akifa kwa kosa la mwingine, mke au mume wake, watoto wake na wazazi wake waweza kupata fidia kwa msaada wa riziki walioupoteza.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe. Hukumu juu ya mtu asiye na kitu ni kama ng'ombe aliyechorwa ukutani: waweza kumwonyesha watu, lakini humkamui. Kwa sababu hiyo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari litumikalo barabarani awe na bima ya kuwalipa watu wengine watakaouawa au kuumizwa na gari hilo. Mahakama ikiisha kumhukumu mwenye gari, kampuni ya bima yapaswa kulipa, mradi iwe imearifiwa mapema habari ya shauri. Kumbukeni kwamba katika kuvuta gari kuna magari mawili, na kila moja lina bima yake. Andikeni namba za yote mawili. Aliyeandika namba moja tu aweza kugundua baadaye kwamba lawama yote ilikuwa juu ya gari la pili.

Tena msichanganye kesi ya polisi na shauri la fidia. Dereva akishtakiwa kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na kutozwa faini, faini ile huingia katika hazina ya Serikali. Haiponyi mguu wa mtu. Hukumu ile yaweza kutumiwa kuwa ushahidi, lakini mwenye kuumia ni lazima afungue daawa yake mwenyewe, nayo ni katika Mahakama ya Wilaya au iliyo juu yake, wala si Mahakama ya Mwanzo.

Na siku zake zina mwisho. Daawa ya madhara ya namna hii hufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya kuumia. Mtoto huhesabiwa muda wake tangu atimizapo umri wa utu uzima. Ikiwa gari ni la Serikali, ni lazima kutoa kwanza taarifa ya siku 90. Wengi wamepoteza haki yao si kwa kuwa hawakuwa nayo, bali kwa kuwa waliambiwa "njoo kesho" mpaka miaka ikaisha.

Basi mtu akiumia, fanyeni hivi. Kwanza, mpelekeni hospitali. Uhai hutangulia fedha. Pili, pelekeni habari polisi, mkachukue fomu ya polisi namba 3, ambayo daktari ataijaza. Tatu, hifadhini vitu: kipande cha waya uliokatika, kulabu iliyovunjika, na picha za mahali pale. Msimwachie mwenye brekidauni aondoke na waya wake pasipo polisi kuuona, kwa maana waya ule ni shahidi asiyesahau. Nne, andikeni majina ya watu walioona kwa macho yao. Tano, wekeni kila stakabadhi ya dawa, ya nauli na ya hospitali. Gharama zilizotoka mfukoni huthibitishwa moja moja mbele ya hakimu. Na wazee walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

La sita ni kubwa kuliko yote. Pengine mtu mwenye maneno matamu atamjia mgonjwa kitandani pamoja na fedha kidogo na karatasi. Atasema, "Weka kidole hapa, mama, upate nauli." Karatasi ile yaweza kuandikwa kwamba madai yote yamekwisha. Wanafunzi, hapa elimu yenu ina kazi. Msomeeni mzazi wenu kila neno kabla hajatia kidole. Kupatana si vibaya. Mapatano ya haki huokoa muda na urafiki. Lakini mtu asipatane kabla daktari hajasema kama mguu utapona, wala asitie sahihi jambo asilolifahamu. Asiye na fedha za wakili na aulizie wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao imetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na tangu mwaka 2021 sheria imekiweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hata mtu wa kijijini aweza kufahamu yasemwayo juu yake.

Sijasema haya ili watu wawe wepesi wa kushtaki. Dereva naye ni mtoto wa mtu, na pengine mvua imemfanyia aliyoshindwa kuyazuia. Ikiwa aliangalia yote yapasayo, na bado mlima ukaporomoka, sheria haimtozi kitu. Fidia si adhabu wala si bahati nasibu. Ni kujaribu kumrudisha aliyeumia karibu na hali aliyokuwa nayo.

Na lililo bora ni kuzuia. Usiku wa tarehe 13 Januari 2025, huko Chang'ombe karibu na Segera, wilaya ya Handeni, watu walikuwa wamekusanyika kuwasaidia waliopatwa na ajali. Lori likaja likawaparamia, na watu 11 wakafa. Walikuwa katika tendo la huruma. Kwa hiyo huruma nayo yahitaji utaratibu.

Gari likikwama kwenu, mtu mmoja awe mkubwa wa kazi, na sauti yake pekee ifuatwe. Wawili wapelekwe mbali, mmoja juu na mmoja chini ya kona, wakiwa na kitambaa cheupe mchana au taa usiku. Matawi ya miti ni desturi yetu, lakini usiku hayang'ai. Zitumike zile alama za pembe tatu ambazo dereva apaswa kuwa nazo. Magurudumu yawekewe kabari za mti au mawe makubwa kabla breki hazijalegezwa, wala si baadaye. Waya unapokazwa, watu wote warudi nyuma zaidi ya urefu wa waya wenyewe, na asiwepo wa kuuruka. Asisimame mtu upande wa chini wa gari. Asipande mtu katika gari linalovutwa ila ashikaye usukani. Na watoto wapelekwe nyumbani, hata wakilia. Maana mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji aweza kuyasema haya katika mkutano mara moja kabla ya masika. Dakika kumi zatosha. Siku gari litakapokwama, kila mtu atajua mahali pake pa kusimama. Na ikiwa hata hivyo mtu ataumia, kila mtu atajua la kuandika, la kuhifadhi na mahali pa kwenda.